Paja la Mbuzi kutoka Mgeta

Enzi za Mjerumani, mchinjaji wa mtaa wetu pale Morogoro nilikuwa mimi. Waislamu waliniita, na Wakristo nao waliniita, ili majirani Waislamu wasije wakasusa karamu yao. Kila mnyama niliyemchinja, shingo ilikuwa haki yangu. Elimu yangu yote ilikuwa bismillahi na sura tatu fupi, na wakati wa mavuno pombe ya mtama sikuiuliza kaipika nani. Lakini kwenye nyama, jamani, nilikuwa mkali kuliko kadhi.

Mdogo wangu, ambaye hakuwahi kusilimu kama mimi, alihamia Mgeta, akabatizwa misheni. Mwaka mmoja mama aliugua, akawa hataki uji wala ugali, anataka mchuzi wa mbuzi tu. Ilikuwa miezi ya njaa, hakuna aliyechinja. Mdogo wangu akapata habari, akateremka mlima na paja la mbuzi, kalifunga kwa majani ya mgomba.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kachinja nani?"

"Mimi mwenyewe, kwa jina la Mungu."

Nikalipokea paja. Akamjulia hali mama, akarudi kulinda mahindi yake yasiliwe na nyani. Alipopotea kwenye kona ya njia, ndipo imani yangu ikapanda. Nikawatangazia majirani kuwa nyama ile ni kibudu, nikaibeba mwenyewe hadi bomani kwa mbwa wa bwana mkubwa wa Kijerumani. Sikatai, nilisikia raha. Kila mtu akijichinjia, mimi ningekula nini?

Kesho yake akapita mwalimu wa Kurani kutoka Bagamoyo, mtu wa vitabu. Nikamsimulia kwa sauti kubwa, nikingoja sifa. Akauliza kama mdogo wangu ni mtu wa Kitabu, yaani Mkristo au Myahudi, kama kisu kilikuwa kikali, kama damu ilimwagika. Nikaitikia yote, maana uchinjaji wa mdogo wangu niliujua.

"Basi ilikuwa halali," akasema, akaomba maji ya kunywa.

Mama alikuwa nyuma ya kiambaza, anasikia. Akaniita.

"Nyama ya mwanangu iko wapi?"

Nikamweleza.

"Panda kwake," akasema. "Mwambie nimeila, na ilikuwa tamu."

Nikapanda, nikasema uongo wa mama neno kwa neno. Mdogo wangu alifurahi mno. Akasema amebakiwa na mbuzi mmoja tu, akamfuata zizini. Sikuomba kisu. Nilimshika mbuzi miguu, mdogo wangu akachinja.