Mlango wa Banda Ulikuwa Wazi

Mlango uko wazi, mbwa hataki kutoka. Wadau, mmewahi kuona mbwa wa namna hiyo?

Huyo ni Malkia, jike la mbegu aliloniachia marehemu mume wangu, Ignas. Watu walifuata watoto wake hapa Mkiwa hata kutoka Itigi. Akiharibika yeye, sina kingine cha Ignas kinachohema.

Baada ya mazishi, shemeji yangu Elisha alishika usukani. Kila asubuhi alimkimbiza dume lake, Kamanda, nyuma ya bodaboda hadi nyayo za mbwa zikachubuka.

Malkia akafungiwa bandani.

"Jike la mbegu halichoshwi, shemeji. Lile, lilale, lizae. Basi."

Nikaitikia tu. Siku hizo hata ungeniambia nyumba inaungua, ningeitikia.

Mama mkwe naye alikuwa na wimbo wake: "Mfiwa hahangaiki, mwanangu. Pumzika." Chakula naletewa, maji naletewa. Sikusikia uchungu wala njaa. Miezi ikakatika hivyo hivyo.

Malkia akanenepa kama gunia la alizeti. Alipoingia kwenye joto la kutaka dume, yeye mzito, Kamanda hoi. Mimba hola.

Mwisho akaacha hata kuinuka. Elisha akafungua mlango, akamvuta, wapi!

Tukamwita daktari wa mifugo, dada Ritha. Akampapasa Malkia kiuno, akamtazama Kamanda anavyochechemea, akakasirika.

"Huyu mnamkimbiza bila kumpumzisha. Huyu mnampumzisha bila kumtembeza. Wote mnawaua! Dume alale mpaka nyayo zipone. Jike atembee taratibu, asubuhi na jioni jua likipoa, ndipo apumzike. Amemzoea nani?"

"Mimi," nikasema.

Nikashika kamba, nikamwita. Akatoka akipepesuka. Tukafika getini, tukasimama.

"Mvute, shemeji!" Elisha akapaza sauti. "Amegoma tena!"

Daktari akatikisa kichwa. "Mbwa hajagoma."

Kweli. Malkia alishatoka nje, kamba imekaza, ananivuta. Aliyegoma ni mimi. Tangu tumzike Ignas sikuwahi kuvuka lile geti.

Mama mkwe akaja mbio. "Mwanangu, rudi ukapumzike!"

"Nimepumzika, mama. Inatosha."

Nikavuka. Sikulia, sikufurahi. Nilisikia visigino vinauma tu, na hayo yalikuwa maumivu yangu ya kwanza tangu msibani.

Wadau, mbwa wa mbegu mtembezeni, kisha mpumzisheni. Na mfiwa msimletee kila kitu ndani. Mwachieni hata kamba ya mbwa aishike.