Nilimshtaki Bosi Wangu kwa Bibi Yake

Mimi ni mkosaji. Naanza na hilo ili wenye haraka ya kunihukumu wapate chao mapema waende zao. Mnaobaki nisikilizeni, ila tafadhali msinihurumie! Huruma za watu nilizila sana, na hazikunisaidia kitu.

Nina miaka arobaini na saba, naishi Chumbageni, Tanga. Uhasibu nilianza kuusomea nikiwa na arobaini na mbili, binti yangu wa kwanza keshaolewa. Nilikaa darasa la jioni na watoto wanaotafuna ubani, wananiita mama wakitaka niwapishe njia tu. Kabla ya hapo nilikuwa nauza madera sebuleni kwangu na kushika daftari la kikoba cha mtaa. Kikoba hicho ndicho kilichonivimbisha kichwa. Miaka tisa haikupotea hata shilingi, basi nikajiona mhasibu kamili niliyechelewa kupata cheti.

Nilipohitimu nilipigiwa vigelegele. Hongera, umri si kitu! Nani kasema si kitu? Mwulizeni aliyezunguka na bahasha mwaka mzima, huku anaambiwa uzoefu huna, kule anaambiwa umri umekwenda. Wanaosema umri si kitu ni wale ambao hawajawahi kuomba kazi kwa mtu wanayemzidi miaka ishirini.

Mwisho nikapata. Tajiri mmoja mwenye ofisi Usagara, ananunua viungo kwa wakulima, ghala lake liko Maramba. Mshahara alioutaja niliona haya kuusema nyumbani, lakini niliukubali hata hajamaliza sentensi. Nikapewa meza, kompyuta, na bosi wa miaka ishirini na sita.

Huyo bosi nitamwita Mwanaidi. Silo jina lake, na kwa nililomtenda sina haki ya kulitaja la kweli. Alikuwa mhasibu hasa. Alibakiza masomo mawili tu kumaliza mitihani ya bodi, na ada alikuwa akijilipia mwenyewe kwa mshahara wake. Tena alikuwa mjukuu wa bibi wa mtaani kwetu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Siku anatolewa nje, arobaini yake, nilikuwepo, nikambeba kwa mikono hii! Leo ndiye akague kazi yangu?

Kila asubuhi aliniamkia, shikamoo mama, kwa adabu zote. Mimi naitikia huku namchukia. Nasema kweli, nilimchukia! Nilichukia kucha zake, nilichukia jinsi alivyomaliza kwa dakika kumi kazi iliyonitoa jasho kutwa nzima. Nikikwama sikumwuliza. Ningemwulizaje mtoto niliyembeba? Nikawa nabahatisha.

Mwezi wangu wa tatu akaja mezani kwangu na karatasi. Ofisini walikuwepo wateja wawili wanasubiri kuhudumiwa.

"Mama, samahani. Hizi pesa anazochukua mtunza ghala aende kununulia pilipili manga, hizi ni masurufu. Zikitoka usiandike kwamba tumenunua. Ziandike kwa jina lake, zikae hapo mpaka alete stakabadhi. Ukiandika sasa, na stakabadhi zikija uandike tena, mzigo mmoja utaonekana tumeununua mara mbili."

Alisema kwa upole, wala hakupaza sauti. Lakini wale wateja walikuwa wanasikia, na mmoja akacheka! Huenda alichekea mambo yake ya kwenye simu. Mimi niliona nimevuliwa nguo.

"Kwa hiyo leo umeamua kunifundisha mbele za watu?" nikamwambia.

"Hapana mama. Nakuelekeza tu, maana anayesaini ni mimi."

"Haya. Tutaelekezana vizuri."

Mtu mwenye akili timamu angekwenda msalani akalia kidogo, akarudi akarekebisha kazi yake. Mimi nilitoka kazini saa kumi, sikupita hata kwangu, nikaenda moja kwa moja kumshtaki bosi wangu kwa bibi yake!

Wa Tanga hamtashangaa. Kwetu mtoto akikukosea humfuati yeye. Unakwenda kwao, unaanza na habari za wagonjwa na harusi, kisha unashusha pumzi na kusema yaliyokuleta. Neno masurufu halikutoka kinywani mwangu. Nilisema mjukuu wako kanidhalilisha mbele ya kadamnasi. Na machozi nilitoa, tena ya kweli.

Bibi wa watu akashika kifua. "Astaghfirullahi! Mwanaidi huyu huyu? Huyu uliyempakata wewe?"

"Huyo huyo, bibi. Ati kwa kuwa yeye ndo mkubwa kule ofisini."

"Mkubwa wa nani? Nwache arudi!"

Ijumaa jioni nikaitwa. Bibi alikuwa amewaita na shangazi wawili wa binti wawe mashahidi. Mwanaidi alipigishwa magoti mbele yangu, na nguo zake za kazini, akaniomba radhi. Alijaribu mara moja tu kujieleza.

"Bibi, lakini lile lilikuwa jambo la kazi, mimi nilikuwa..."

"Funga mdomo! Toka leo usimjibu huyu, wala usimkosoe. Ukimkosoa tena, radhi zangu huna!"

Nikamshika kichwa nikamsamehe. Eti nikamsamehe! Nikakaa pale nikanywa chai na mkate wa kumimina, nimeshiba heshima, naye yuko jikoni anaosha vikombe.

Tangu siku ile hakunikosoa tena. Nikimpelekea karatasi anasaini bila kuinua macho. Nikadhani nimeshinda. Masurufu niliendelea kuyaandika nilivyozoea, na msidhani sikumwelewa. Nilimwelewa siku ile ile! Ila nikibadili ningekuwa nimekiri kwamba mtoto alisema kweli. Nikashikilia ujinga wangu miezi saba.

Mwaka ulipofungwa, vitabu vikaonyesha tumenunua pilipili manga karibu mara mbili ya iliyoingia ghalani. Tajiri akawasha gari mpaka Maramba, akamwita mtunza ghala mwizi mbele ya wakulima na mbele ya mkewe. Mtu mzima yule aliapa mpaka sauti ikamkauka. Wiki iliyofuata akaja mkaguzi kutoka nje, na hata adhuhuri haijaingia alikuwa amekwishaona kilichotokea. Pilipili haikuibwa. Iliandikwa mara mbili, na mwandiko ulikuwa wangu.

Tajiri akatuita wawili chumbani kwake. Akaanza na mimi.

"Mama, hukuelekezwa namna ya kuandika masurufu?"

Ndugu zangu, ilikuwa rahisi pale! Nilihitaji neno moja tu. Nilielekezwa. Mwanaidi alikuwa ananitazama, wala hakuwa na hasira, anasubiri tu niseme. Nadhani hakuwa na shaka kwamba nitasema.

"Sikuelekezwa," nikajibu. "Mimi mgeni wa kazi hii. Niliona yanasainiwa, nikajua ni sawa."

Tajiri akamgeukia. "Ni kweli?"

Yule binti alifungua mdomo, akaufunga. Chumbani mle, ukimtoa yeye mwenyewe, ni mimi tu niliyejua nini kimemfunga. Kunikanusha ni kunijibu, na kunijibu ni kukosa radhi za bibi aliyemlea.

"Saini ni yangu," akasema. Jumatatu hakuwepo.

Mnataka kujua nilijisikiaje? Nilijisikia vizuri! Nikahamia meza yake ya dirishani, nikaagiza chai. Raha ile haikumaliza wiki, maana ulifika wakati wa kujaza ritani za kodi na sikujua hata pa kuanzia. Nikageuka kutafuta wa kumwuliza, nikakuta kiti kitupu. Nilitoa jasho mbele ya kompyuta ile mpaka shimizi ikalowa, na nikalaani kila aliyewahi kuniambia naweza.

Mwezi wa pili tangu aondoke, bibi yake akanisimamisha njiani. Alikuwa amekonda. Akaniambia Mwanaidi yuko Korogwe, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anauza misumari na rangi. Mitihani ya bodi imempita kwa kukosa ada.

"Nilimwambia kiburi kitamponza," akasema. "Alianza kwa kukukosea wewe, akamalizia kwa kuharibu kazi ya watu. Lakini damu yangu, nitafanyaje? Wewe ulo karibu na tajiri, hebu mwombee mwenzio."

Kaniomba mimi nimwombee! Kanishika mkono! Kesho yake asubuhi nikaingia kwa tajiri nikasema yote, kuanzia pale mezani kwangu hadi uongo wangu mbele yake. Nilijua nitafukuzwa, na nilitaka nifukuzwe. Yeye aliendelea kubonyeza simu yake.

"Mama, hilo najua," akasema. "Utaratibu ule wa masurufu aliuandika yeye mwenyewe alipoanza kazi hapa. Atakosaje kukuelekeza?"

"Sasa ulimwondolea nini?"

"Alishaanza kudai nyongeza, na akimaliza mitihani yake angedai mara mbili. Wewe nakulipa nusu yake na huna pa kwenda. Nilikuwa natafuta sababu, ukanipa. Funga mlango ukitoka."

Nikaufunga. Heshima yote niliyoipigania, na machozi yote yale, kumbe kwa tajiri mimi ni wa bei rahisi tu, basi! Nilikuwa namtukana moyoni mpaka nikafika barazani kwa bibi, na pale matusi yakaniishia.

Nikamweleza. Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu: "Yaani nilimpigisha magoti kwa kusema kweli?"

"Ndiyo, bibi."

Akanipa simu yake nimpigie Mwanaidi, yeye macho hayaoni tarakimu. Nikapiga, nikaishika sikioni pake. Bibi yule, na uzee wake wote, akamwomba mjukuu wake radhi huku analia, nami nimesimama nimeshika simu. Sauti ya Mwanaidi niliisikia. "Usilie bibi. Nina mteja hapa, nitakupigia." Mimi hakuniulizia, wala hakuna aliyemwambia kwamba nipo.

Sasa mnajua. Kazi bado ninayo, maana tajiri alisema kweli, sina pa kwenda. Mwezi huu nilimtumia binti yule pesa za ada, akazirudisha hapo hapo. Mtunza ghala wa Maramba sijamtazama usoni mpaka leo, namkwepa.

Ninyi mnaoanza kazi ukubwani, ulizeni! Mwulizeni hata mtoto mliyembeba, aliyeijua kazi kabla yenu ndiye mkubwa wenu mle ndani, na mkiona haya rudini mkauze madera. Na ninyi mama na bibi wenye watoto maofisini, mtu mzima akija kwenu analia kwamba mtoto wenu kamvunjia heshima kazini, msimwite mtoto. Mwambieni huyo mtu mzima arudie neno kwa neno alichoambiwa. Bibi yule angeniuliza hivyo siku ile, wallahi, nisingekuwa na la kusema.