Viatu Vinavyopumua

Wakati ule wa vita malori yalikuwa yamekoma, na binti yangu alikuwa karibu kuzaa kule Mubi. Nilipaswa kwenda kwa miguu, na bote zangu, vile viatu virefu vya plastiki, zilikuwa zimeniozesha vidole.

Nilipofika Kashebere nikaingia kwa Papa mmoja wa Butembo, mwenye duka. Akanionyesha viatu vizito vya kufunga kamba.

"Mama, hii njo viatu ya pori. Maji haiingie, lakini inapumua, hewa inapita."

"Hewa inapita wapi, kama maji haipite?"

"Iko na matundu madogo sana. Haionekane."

Sikuelewa. Kwetu bidon mpya tunaijaza maji kabla ya kuinunua, tuone kama inavuja. Nikachukua maji yake ya kunawa, nikajaza kiatu kimoja. Halikutoka hata tone. Nikamwaga, nikalipa, nikavaa.

"Papa, mbona mguu umelowa?"

"Maji ni wewe umeiweka, Mama. Itatoka wapi?"

"Si umesema inapumua?"

Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la chumvi.

Nikashika njia na bote zangu za zamani, viatu vipya vikining'inia shingoni. Nilichechemea, lakini nilimkuta binti yangu hajazaa. Kile kiatu kilikuwa bado kibichi. Hayo matundu sijayaona mpaka leo.