Mashuka ya Wifi

Nilikuwa nasonga ugali, binti yangu akaingia mbio. "Mama, shangazi anafungasha! Anasema ananuka."

Wifi yangu alikuwa ametolewa kizazi hivi karibuni, akaja kupumzika kwetu. Nilimkuta ameinama, kanga imelowa.

"Mkojo unatoka wenyewe, wifi, mchana na usiku, tangu upasuaji."

"Daktari umemwambia?"

"Nimwambie mwanaume nimejikojolea, mtu mzima mimi?"

Nilimpigia nesi jirani. Alisema huenda kibofu kilijeruhiwa, arudi hospitali kesho asubuhi, kinatibika.

Kila siku tuliona mashuka yameanikwa, tukanyamaza. Hapa Nkende kunyamaza huko tunakuita heshima. Aibu ilikuwa yetu, akaibeba yeye.

Nilifungua begi lake, nikarudisha nguo zake kabatini, kisha nikapakua chakula. Nikahesabu vichwa mezani: sita, wifi akiwa katikati.