Bata wa pori alinifukuza pa ziwa

Leo bata wa pori amenifukuza kama muizi!

Nilishuka pa ziwa, hapa Nyalukemba, na aparei ya picha ya bwana yangu, Papa Furaha. Nikaona bata na batoto yake mu majani. Nikapiga magoti, nipate picha muzuri.

Bata mume akaruka, akanipiga mabawa ku kichwa. Nikaanguka mu matope, nikapiga kelele: "Papa Furaha, kuya!"

Citoyen mumoja, mwanaume mwenye kuvaa abacost, ile koti ya bila karavati, akakuya mbio, akafukuza ule bata na mwavuli.

"Citoyenne, Papa Furaha iko wapi?"

Tulimuzika mwaka jana.

Ule citoyen akaokota aparei, akaipangusa polepole.

Nimefika nyumba, matope mpaka mu nywele, na hakuna mutu wa kunicheka.

Nyinyi, mukishtuka, munaita nani?