Unga wa Mama Mkubwa

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, ni fundi cherehani, na hajawahi kumwambia mteja "njoo kesho" huku anajua kesho nguo haitakuwa tayari. Kwa fundi cherehani hilo ni la ajabu. Ukimletea kitambaa anakupa ukweli hapo hapo: "Hiki kwa gauni hakitoshi. Shona sketi, usijidanganye." Amepoteza wateja kwa mdomo huo. Waliobaki hawaondoki.

Amenilea toka nina miaka sita. Sare yangu ya sekondari aliishona yeye, akaniachia pindo refu la kufungua nikirefuka. Pindo halikufunguliwa. Shule niliiacha kidato cha pili, kukaa sehemu moja kulinishinda. Nimeosha magari, nimebeba zege, sasa niko mashine ya kusaga. Hakunisema. Sare aliikunja, iko kabatini kwake mpaka leo.

Mwaka jana akaanza kukosa tundu la sindano. Kwenda kupimwa, sukari. Nesi akamwambia wanga hakatazwi, mwili unautaka, ila achague wa kula. "Wanga uliovuliwa ganda unageuka sukari mbio mbio. Ganda lina nyuzinyuzi, zinauchelewesha. Kula dona, kula maharage, na mboga ijaze nusu sahani."

Alirudi amefurahi kabisa, ananionyesha bobini ya cherehani. "Unaona hii skrubu? Ukiilegeza, uzi unamwagika wote kwa mpigo. Ikikazwa kidogo, unatoka taratibu. Nyuzinyuzi ndo skrubu, mwanangu. Na bahati yangu msagaji ninaye humu humu ndani."

Bahati yake.

Dona ni mahindi yanayosagwa na ganda lake, hayapiti kwenye mashine ya kukoboa. Shida yake, ukishasaga dona, unga wa anayefuata unatoka na madoa, na wateja wetu wengi wanataka unga mweupe kama chaki. Inabidi usimamishe foleni, ufungue mashine, uipanguse. Robo saa nzima unazomewa. Mara ya kwanza nilifanya. Wenzangu wakanidaka: "Oya, kwenu mnafuga kuku au mnakula nao sahani moja?" Nikacheka nao. Nikasema ni ya kuku.

Mara ya pili ndoo yake nikaimwaga kwenye kukoboa kama za wengine, nikasaga, halafu nikarudishia pumba viganja viwili, nikakoroga. Kwa mbali rangi inafanana. Ikawa ndo mtindo wangu. Miezi mitatu.

Siku ya kliniki nikamsindikiza kwa ajili ya macho. Benchi limejaa. Nesi akasoma kipimo, akakunja uso.

"Mama, imepanda. Unakula nini?"

"Dona, maharage, mboga. Kama ulivyoniambia."

"Wote mnaimba hivyo hivyo. Mnakula vyenu huko, mkija hapa mnanidanganya."

Benchini mtu akacheka puani. Mama mkubwa akakaza shingo. "Mi sio muongo, mwanangu. Muulize huyu, ndo ananisagia."

Nesi akanigeukia. "Kweli?"

"Kweli, sista."

Neno lilitoka laini kabisa, kama jina langu. Nesi akamwambia basi apunguze chakula, ale nusu ya anachokula.

Kesho yake mchana nikamkuta jikoni anachekecha unga.

"Unachekecha nini, mama mkubwa?"

"Si pumba zako hizi. Nene, zinanikwaruza koo. Siku zote nazitoa nampa jirani, kuku wake wanazifurahia. Hiyo mashine yenu mwambie tajiri wako ainoe."

Chini ya chekeche unga ulikuwa mweupe pee. Yaani hata vile viganja viwili hakuwahi kuvila. Akajipikia kiasi cha ngumi ya mtoto, akala, akabaki anaitazama sahani. Halafu akakaa kwenye cherehani, akanipa sindano. "Nitungie uzi."

Macho yangu mazima. Nikakosa tundu mara tatu.

"Mama mkubwa, we hujala dona. Naikoboa. Nakurudishia pumba juu ili usijue."

Akashika gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Toka lini?"

"Mara ya pili."

"Kwa nini?"

Nilitamani niwe na sababu kubwa. "Walinicheka."

Alichukua sindano mkononi mwangu, akaichomeka kwenye kipande cha kitambaa. Nikaanza kumwomba msamaha, akanikata. "Usiniombe hapa. Hapa kuna nani aliyesikia naitwa muongo? Alhamisi ya kliniki tunaenda wote."

Alhamisi nikasimama mbele ya lile benchi, mikono sijui niiweke wapi.

"Sista, mama mkubwa hakukudanganya. Unga nilikuwa naukoboa mimi, nachanganya pumba. Na wiki ile ulivyoniuliza, nilikudanganya mimi."

Nesi akaweka kalamu chini. Akamtazama mama mkubwa. "Nisamehe, mama. Sukari inapandishwa na mengi, sio unga peke yake. Ila tunaanza upya." Mama mkubwa akaitikia kwa kichwa. Nikageuka nitoke.

"We kijana, hebu simama." Mama mmoja wa benchini alikuwa ananikazia macho. "Si ndo wewe wa mashine ya pale karibu na fundi baiskeli? Mi nasaga kwako kila wiki. Dona."

"Na mimi namtuma mjukuu," akasema mzee wa pembeni yake. "Ndoo ya bluu."

Ndoo ya bluu niliikumbuka, inafunikwa na mfuniko wa sufuria. Na ya yule mama niliikumbuka, ya njano, haina mshikio. Zote mbili nilizikoboa, nikazirudishia pumba.

Nikamwangalia mama mkubwa anisaidie. Yeye aliangalia mbele.

"Wajibu watu," akasema.