Eda ya Mama na Mkopo wa Nyumba

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba nilichelewa kuhamisha mkopo wa nyumba kwa sababu mama alikuwa amekaa eda. Nimelisema hilo harusini, matangani, hata mbele ya mume wangu. Leo nakwambia wewe, mwanangu, kwa kuwa nasikia umechukua mkopo wa nyumba na unajifanya hulali kwa ajili ya joto. Haikuwa eda. Niliogopa tu.

Siku moja naikumbuka mpaka harufu yake, bizari ikikaangwa kwa jirani. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za nyumba yetu ya Mji wa Kale, simu sikioni. Juu, mama alikuwa amekaa eda ya baba. Nyumba ile niliinunua kwa wajomba zangu, kwa mkopo wa benki, walipotaka kumuuzia mtu wa nje, na wazee wangu wakaendelea kuishi mlemle. Habari ya riba mama hakuipenda tangu mwanzo. Alisema mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo iliyonichoma.

Tena ilikuwa riba ya kupanda na kushuka. Mimi sikuwahi kuiona ikishuka. Kila baada ya muda benki iliniarifu, kwa adabu kubwa, kwamba malipo ya mwezi yameongezeka. Tukapunguza nyama, kisha nikauza bangili. Ndipo benki nyingine, yenye tawi karibu na maduka ya kanga ya Biashara Street, ikaniambia: tutakulipia ule mkopo wa zamani, uanze kutulipa sisi, na kwa miaka mitatu kiwango chako cha riba hakitaguswa. Sharti ni moja, mthamini aje aikague nyumba chumba kwa chumba.

Nikawaza. Nikifunga kiwango kisha riba ishuke, nitakuwa mjinga. Nisipofunga nayo ipande, nitakuwa mjinga zaidi, na nyumba itapigwa mnada mama akiwa ndani. Mtu mwenye shahada mbili hapendi kuambiwa achague aina ya ujinga wake. Basi eda ikanifaa. Kwetu si desturi mwanamume wa kando kuzungukazunguka nyumba yenye mjane, na afisa wa mikopo wa benki hiyo mpya, kijana wa bara mwenye heshima zake, hakuthubutu kubisha.

“Mama bado yuko eda,” nilimwambia tena siku ile. “Tusubiri.”

“Pole sana, mama. Tutasubiri.”

Sijakata simu vizuri, nikaitwa kutoka juu.

“Zuhura! Hebu njoo. Ni nani huyo ninayemzuia?”

Nilimkuta kitandani, na shangazi kando yake akichagua mchele. Nikaeleza habari ya mthamini, nikaongeza kwamba nimeona si adabu.

“Adabu ya nani? Mimi nimefiwa, sikufa. Huyo mtu yuwaja lini?”

“Lakini mama, ataingia kila chumba.”

“Na aingie. Akiwa huku nje, tutakaa chumba cha ndani, mimi na shangazi yako, na mlango tuufunge. Akitaka cha ndani, tutahamia jikoni. Ama yuwathamini na wajane pia?”

Shangazi alicheka hadi mchele ukamwagika. Mama hakucheka.

“Babako alipokuwa hai ulikuwa ukijificha nyuma yake. Sasa wajificha nyuma ya eda yake. Sema waogopa, tuogope pamoja.”

Nikalia kama mtoto. Nilipomaliza, akauliza, “Ikipanda tena, utaweza kulipa?”

“Siwezi.”

“Na ikishuka baada ya wewe kufunga, utakufa?”

“Nitaudhika.”

“Udhika, basi.”

Mwanangu, hakuna ajuaye riba itakwenda wapi, hata wale wavaa tai wanaotabiri kwenye runinga. Usijichoshe kwa hilo. Jiulize kama mwezi ulio mbaya kabisa utaweza kuubeba. Uliza gharama ya kuhama, ya wakili na ya mthamini, na uulize kitakachotokea siku kiwango kilichofungwa kitakapofunguliwa. Mimi hilo la mwisho sikuliuliza, na nililijutia. Na kabla hujamjibu mtu wa benki, zungumza na wanaolala nawe chini ya paa moja, hata wenye huzuni. Usiwaamulie kwamba hawawezi. Mungu akujaalie nyumba isiyokukosesha usingizi, na ndani yake mtu wa kukuita juu kwa jina lako pale unapodanganya.

Mimi nilikaa ukingoni mwa kitanda cha mama nikapiga simu.

“Kile kiwango cha kwanza hakipo tena, mama,” akasema yule kijana. “Kilichopo sasa kimezidi kidogo.”

Hicho kidogo ndicho kilichokuwa bei ya uongo wangu, na nilikilipa kila mwezi. Nilimtazama mama. Akaniitikia kwa kichwa.

“Nakichukua,” nikasema.

Kijana akauliza, “Na eda, je?”

Mama akaninyang’anya simu.

“Eda ni yangu, mwanangu, na nyumba ni yetu sote. Njoo kesho na mthamini wako. Lakini mupige hodi kwa sauti, tupate kuhamia jikoni.”